Wimbo wa Ba Jamna na Uso wa Koku

Chumba cha Uani, kwa Ba Jamna,
Igogo, Mwanza.
Tarehe 3 Novemba, 1974.

Mpendwa Shangazi Odeta,

Shikamoo, na tena shikamoo, maana za miezi minne yote sikukuletea. Hujambo lakini? Goti lako la kulia linasemaje siku hizi za mvua? Na kahawa, mmeshamaliza kuanika au ya mwisho bado iko kwenye mikeka? Huwa nakuona kabisa, umekaa juu ya nyasi zilizotandikwa pale ndani, miguu umeinyoosha, unamenya ndizi bila kutazama kisu. Naomba Mungu barua hii ikukute hivyo hivyo.

Sisi huku tunaendelea vizuri. Severine yuko kiwandani, wiki hii ana zamu ya asubuhi. Mvua inasuasua, ziwa limechafuka, na dagaa wamekuwa wa kutafuta. Tunakula ule unga wa njano unaotoka nje. Mwanzoni niliulalamikia, sasa nimeuzoea, ila mwenzangu anasema kila akila ugali wake analala akiota ndizi za kwenu.

Tena nikupe la kukufurahisha: barua hii naiandika kwa mkono wangu. Wewe ulinijua mtu wa darasa la tatu. Mwaka huu nimehudhuria kisomo cha watu wazima, anatufundisha binti mmoja wa chuo cha ualimu Butimba, mdogo kuliko mimi, mkali kama pilipili. Kwa hiyo ukiona herufi zimelala, zivumilie. Barua zote za nyuma nilikuwa namtamkia Severine, yeye anaandika, na yapo mambo ambayo mtu hawezi kuyatamka mbele ya mwingine hata akiwa ni mumewe.

Hilo ndilo linanileta kwenye barua yako ya mwezi wa sita. Ulisema Krismasi tuje na mtoto, ukoo mzima umwone, na wewe kama shangazi umpokee. Mimi nikanyamaza. Shangazi, sikunyamaza kwa kukosa stempu. Nilinyamaza kwa sababu nilikudanganya. Nilikwambia mtoto kazaliwa salama, hana ila. Salama ni kweli. Lakini Koku alizaliwa mdomo wa juu umepasuka, ufa unapanda upande wa kushoto mpaka puani.

Haya, nimeliandika.

Kunyonya alipata taabu, maziwa yanamtoka pembeni, nikajifunza kumkamulia na kumnywesha kwa kijiko. Daktari aliniambia utashonwa, ila kwanza aongezeke uzito. Mimi nikapiga hesabu zangu kichwani: atashonwa Septemba, Desemba tunakuja na mdomo mzima, na hakuna atakayejua. Septemba nikaambiwa bado, mpaka Februari. Basi hesabu ikavunjika. Nikabaki na mambo mawili: nije naye alivyo, au nikutungie uongo wa pili, kwamba ana surua. Wa pili nilishautunga. Uko hapa kwenye daftari, umeandikwa vizuri kuliko barua hii.

Wewe unajua watu wa kwetu watasema nini. Watasema alipokuwa na mimba alimcheka mtu. Nami sikumcheka mtu yeyote, Shangazi. Nimekumbuka miezi yote tisa, siku moja moja.

Kabla sijakujibu kuhusu Krismasi, acha nikueleze habari ya mama mmoja Mhindu na wimbo wake, maana jibu langu limetokea huko.

Nyumba tunayokaa ilijengwa na marehemu mumewe. Sasa ni ya Msajili wa Majumba wa serikali, na yeye ni mpangaji wa vyumba vya mbele kama sisi wa uani. Jina lake Jamna, ila wote tunamwita Ba, ambalo kwao ni mama mzee. Wanawe wako Uingereza, wanamwita kila siku. Yeye anasema baridi ya huko ataizoea akishakufa. Alizaliwa Misungwi, dukani kwa baba yake, kwa hiyo Kisukuma anakimwaga kama maji, Kiswahili ndicho kinachomshinda. Mimi ananiita mayu, kama Wasukuma wanavyomwita mwanamke kwa heshima. Macho yake yameingia ukungu, anatambua mwanga na kivuli basi.

Kila kunapopambazuka, akishaoga, anakaa kwenye baraza ya uani mbele ya taa ndogo ya shaba, anaimba. Si kuimba hasa, na si kusoma. Ni kama mtu anayeshuka ngazi anazozijua, hana haraka. Mimi nakuwa karibu, namnywesha Koku. Siku moja nikashindwa kujizuia.

"Ba, unaimba nini?"

"Nywele."

"Nywele za nani?"

"Ya Mama."

Nikampa pole, nikijua ni mama yake mzazi. Akacheka mpaka akashika mbavu. Akasema si huyo, ni Mama wa dunia yote, aliyezaa jua na mwezi na ziwa hili na yeye na mimi. Wao wanamwomba Mungu pia kwa sura ya mama. Na maneno yale ni mashairi ya zamani mno, ya lugha inayoitwa Kisanskriti, ambayo Wahindi wenyewe wengi hawaielewi tena. Nikasema kumbe ni Kilatini chenu. Wewe Shangazi unayelilia misa ya Kilatini mpaka leo ungeelewana naye.

Kumbe mashairi hayo kazi yake ni moja tu: kumsifu huyo Mama uzuri, kiungo kimoja kimoja, kuanzia utosini kushuka mpaka kucha za miguu. Siku ya kwanza nilipata nywele. Mshairi anasema mstari uliogawanya nywele zake ni njia nyembamba, asubuhi inapita humo ikija duniani. Kesho yake nikauliza tena, tulikuwa kwenye paji. Kesho kutwa nyusi. Ikawa nikiamka nauliza, "Ba, leo tumefika wapi?" Ananijibu, "Leo shingo, mayu, kaa." Sada, jirani yetu wa chumba cha pili, akawa ananitania kisimani mbele ya watu: "Mama Koku, mmeshafika magotini? Mkifika chini mniite na mimi!"

Lakini mimi maswali yalinijaa. Kwetu nimesikia wanaume wakijisifu mbele ya mukama, mfalme wetu wa zamani, kwa mkuki na kwa vita, sifa za kupigana. Hawa wanasifu nyusi! Na sisi tunamsifu Bikira Maria kwa litania, tena sifa nzuri, lakini mimi sijawahi kumwambia Bikira Maria kwamba ana nyusi nzuri. Ningeona aibu. Au angependa? Sijui. Wewe umewahi kufikiri? Na mtoto mchanga ndiyo kabisa, sisi hatumsifu hadharani tusije tukamvutia jicho baya.

Nikamwuliza aliyetunga ni nani. Akasema wanasema ni mtu mtakatifu, hakuoa, hakuzaa, alitembea tu na bakuli lake. Nikasema, sasa mtu kama huyo uzuri wa mama aliujulia wapi? Ba akanigeuzia yale macho ya ukungu: "Kwani yeye alizaliwa na mti?"

Kubwa lililonishangaza ni kwamba siku zote zile sikusikia ombi. Mimi nikipiga goti naomba: uzito wa mtoto, mvua, zamu nzuri ya Severine. Nikamwambia, Ba, ombi liko wapi?

"Asubuhi mtoto yako akifungua jicho, yeye natazama wewe. Naomba nini?"

"Maziwa," nikasema.

"Haya, akishiba?"

"Akishiba bado ananitazama."

"Basi. Ile ya baada ya kushiba, ndiyo hii."

Shangazi, neno hilo nilitembea nalo siku tatu.

Tulipofika mdomoni sikutaka kuuliza, lakini akanieleza mwenyewe. Anasema hapo mshairi anachoka. Kila kiungo amekipatia mfano, maua, mwezi, upinde, maji, ila mdomo wa Mama ameutafutia mfano dunia nzima akakosa. Basi anauambia ulimi wake, nyamaza wewe, yaachie macho kazi. Mimi nikamvuta Koku kifuani nikamfunika na khanga. Ba haoni, lakini nilimfunika. Nilikuwa namfunika hata tukiwa peke yetu.

Mwezi uliopita ikafika sikukuu ya huyo Mama, siku tisa. Siku ya tisa desturi yao ni kutafuta wasichana wadogo tisa. Wananawishwa miguu, wanapakwa alama nyekundu kwenye paji, wanalishwa vizuri. Kwa saa ile si watoto tena, kila mmoja ni yule Mama mwenyewe, amekuja kula. Ba anasema zamani wasichana walijaa mpaka uani. Mwaka huu familia nyingi zimehama, alihesabu akapata sita. Sada akatoa wawili, Mwaija na mdogo wake. Alikwenda kwanza kumwuliza mumewe, mumewe akauliza, "Ni kula tu? Waende." Sukari ndiyo ilikuwa shida, unajua foleni za mwaka huu, ila nyumba nzima tulichanga kikombe kikombe.

Wakawa wanane. Ba akaniita. "Mayu, lete Koku, tisa itimie."

Nikaitikia ndiyo, halafu roho ikaniruka. Maana siku iliyotangulia nilikuwa namsaidia Mama Hansa, Mhindu mwenzake, kuchambua mchele, na nilimsikia akisema wasichana wa siku ile wasiwe na kasoro, hata kidonda. Nikasema moyoni Ba haoni, hajui. Nikimnyima, tisa haitimii. Nikimpeleka, wenzake wataona. Severine nilipomweleza alijibu kwa kifupi: "Kama ni kumficha, mwache nyumbani. Kama ni kumpeleka, mpeleke." Mimi nikafanya vyote viwili. Nilimvika gauni jeupe, nikamfunika uso kwa kitambaa chembamba cha kusuka, nikatamka kwamba ana mafua. Nikamdanganya Ba kama nilivyokudanganya wewe.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Watoto wamekaa mstari barazani, mimi wa mwisho na Koku mapajani. Ba akaja na sinia la shaba, akamnawisha kila mmoja miguu kwa maji yaliyotiwa maziwa kidogo, huku anaimba. Bibi wa miaka sabini na ushei, ameinama mbele ya Mwaija wa Sada, ambaye juzi tu alimfukuza kwa kuiba embe! Hakuna aliyecheka. Mwaija mwenyewe alikaa wima kama mke wa mkuu wa mkoa.

Alipofika kwa Koku akainawisha miguu, akaifuta kwa ncha ya sari yake. Halafu akapeleka kidole chenye rangi nyekundu kwenye paji. Kikagusa kitambaa.

"Hii nini?"

"Ana mafua, Ba."

"Mafua iko kwenye paji?" Akakivuta.

Mama Hansa alikuwa amesimama karibu na bakuli la wali wa maziwa. Akaona. Wote waliona. Akasema kitu kwa Kihindi, haraka, kwa sauti ya chini.

"Sema Kiswahili," Ba akamwambia. "Mama yake iko hapa, asikie."

Mama Hansa akaona haya, lakini akasema: "Ba, huyu hafai. Mdomo yake iko wazi. Desturi unajua wewe."

"Kasoro?"

"Ndiyo, Ba."

"Mimi jicho yangu mbili imekufa, na mimi ndiyo naosha miguu. Toa mimi kwanza. Haya, toa!"

Mimi nilishainuka nusu niondoke na mtoto wangu. Ba akanishika mkono. Nilidhani atanipa pole. Wapi! Alinigeukia mimi kwa ukali kuliko mwenzake.

"Na wewe, kaa chini. Wewe ndiyo mbaya kuliko yeye. Nafunika Mama kama maandazi ya kuuza! Leo huyu si mtoto yako. Nani anafunika uso ya Mama?"

Nikakaa. Machozi yalikuwa yananitoka na pua pia, nikawa mimi mwenye mafua.

Ba akampaka alama ya paji. Halafu akafanya jambo ambalo kwa wale wanane hakulifanya. Akaanza wimbo upya, tangu nywele, na kidole chake kikawa kinafuata maneno juu ya uso wa Koku. Nywele. Paji. Nyusi, moja, ya pili. Mimi nilikuwa nayajua maneno sasa, maana yake nilikwisha kuambiwa asubuhi moja moja, kwa hiyo nilijua yanaelekea wapi. Kidole kikashuka puani. Kikafika kwenye mdomo, kikaingia kwenye ule ufa, kikapanda nao mpaka unapoishia, kikarudi. Hakuruka. Ubeti wa mdomo akausema, akanyamaza, akausema mara ya pili. Koku akakidaka kidole akataka kukinyonya, akaona hakina kitu, akacheka. Mwanangu akicheka mdomo wake unafunguka mara mbili ya wa watoto wengine.

Baadaye watoto walipokuwa wanakula, nikamwomba radhi. Nikamwambia, Ba, nilifikiri hujui.

"Miezi saba nasikia yeye nakunywa, hewa inapita. Mimi kipofu ya jicho, si ya sikio."

"Sasa kama ulijua, mbona ulimtaka?"

Akashangaa swali langu kweli kweli. "Nilitaka msichana tisa," akasema. "Yeye si msichana?"

Mama Hansa ndiye aliyeleta wali wa maziwa wa Koku. Alisimama na bakuli hajui aanzie wapi, halafu akaniuliza polepole, "Nampaje?" Nikamwonyesha: kijiko upande wa kulia, kidogo kidogo, kichwa kiinuke. Akampa. Nusu ilimwagika kwenye sari yake, akaendelea kumpa.

Kama ni dhambi kwamba mtoto wa Kikristo alinawishwa miguu hivyo, sijui. Nitamwuliza padre, na nitakuuliza wewe uso kwa uso. Imani yangu ni ile ile, rozari yangu iko pale pale msumarini. Lakini kuna jambo nimeligundua nalo linanisumbua kwa uzuri. Miezi saba nilikuwa nautazama ule ufa tu. Nilikuwa nimeujua kuliko masikio ya mwanangu. Kesho yake nilimlaza kwenye mkeka, nikamtazama kama wimbo unavyotazama, toka juu kushuka chini, bila kumwombea kitu. Ilinichukua muda mrefu, uji ukaungua.

Basi na wewe mtazame. Nywele zake ni laini, utosini zimejizungusha kama maji yanayoingia shimoni. Paji ni lako, Shangazi, pana vile vile, hakuna ubishi. Nyusi bado hazijaamua kama zitaota. Macho ni ya Severine, yanauliza kabla ya mdomo. Sikio la kushoto limekunjika ncha kama ukurasa wa daftari langu. Shingo haionekani kwa unene, na hayo ni maziwa ya kijiko, kijiko kimoja kimoja. Mikono haitulii. Tumbo linatangulia. Magoti yana vishimo. Kidole gumba cha mguu wa kulia kimejitenga na wenzake, kinajiona mkubwa. Na mdomo wake wa juu umegawanyika upande wa kushoto, ufizi wa waridi unaonekana, na akilala unatetemeka kidogo kwa pumzi. Sina mfano wake.

Jibu langu ndilo hili: tunakuja. Tutapanda meli Jumamosi tarehe 21 Desemba, asubuhi yake tutakuwa Bukoba. Naogopa bado, nisikufiche tena kitu. Naogopa jicho la kwanza la watu gatini, na wanawake wa pale sokoni. Kwa hiyo nina ombi moja, na wewe huna budi kunikatalia au kunikubalia kwa barua, ili nijue. Naomba uje gatini wewe mwenyewe, goti likikubali. Nikikupa mtoto, usimweke mgongoni. Mbebe kifuani, uso wake mbele, hana kitambaa, upite naye katikati ya soko mpaka kwenye gari la kwenda nyumbani, polepole, na kila atakayekusalimu mwonyeshe. Mimi nitakuwa nyuma yenu na mizigo.

Nisalimie bibi, mwambie Kiswahili nimekiweza lakini Kihaya sijakisahau. Nisalimie Kahigwa na mkewe, na watoto wao wote, na Ishengoma kama amerudi masomoni. Severine anakusalimu, anauliza kama ile rubisi yenu ya ndizi bado ina makali. Ba Jamna naye amesema nikuandikie salamu, ingawa hakujui. Koku anakusalimu kwa mateke.

Mungu akulinde, akulainishie goti, na akuweke mpaka tutazamane.

Ni mimi mwanao nikupendaye siku zote,

Kemilembe, Mama Koku.